Kondoo wa Mutua na Korodani za Mpwa Wangu

Niseme mapema kabla hamjasikia kwa wengine: mimi ni mtu wa wivu. Mke wangu anajua, majirani zangu hapa mtaa wa Iftin wanajua, na wenzangu wa zamani katika ofisi ya mifugo wangewaambia hata bila kuulizwa. Kwa hiyo nikisema nawaonea wivu ninyi vijana, msidhani ni maneno ya mzee anayesifia ujana. Nawaonea wivu kweli kweli. Mna simu mfukoni, mnaweza kuuliza jambo la aibu bila kumtazama mtu yeyote usoni, mkajibiwa kabla chai haijapoa. Na bado hamuulizi! Mnatazama mpira.

Kazi yangu ilikuwa ya mifugo. Watu waliniita daktari, lakini cheti changu kilikuwa cha miaka miwili tu, na sikuwahi kumsahihisha mtu. Nilianzia Takaba, nikapelekwa Kutulo, nikamalizia soko la mifugo hapa Garissa. Nilichanja, nilitibu, nilihasi, na zaidi ya yote nilikagua madume kabla hayajanunuliwa kwa mbegu. Na kukagua dume ni kushika mapumbu, wanangu, hakuna njia nyingine. Kwa binadamu nitasema korodani kwa sababu nina heshima zangu, lakini kondoo hajawahi kunidai adabu hiyo.

Aliyenifundisha kushika ni mfugaji mmoja wa Kutulo, Mzee Gedi, ambaye hakujua kusoma hata jina lake. Alinifumba macho kwa kilemba chake akaniletea madume sita. "Macho yako yamesoma sana," aliniambia. "Acha mkono usome." Mkono wa kushoto unashika juu, pale mfuko unapoanza, ili zisipande. Mkono wa kulia unapapasa moja moja, pole pole, gumba upande huu, vidole upande ule. Korodani nzima ni laini juu yake na imekaza ndani, kama yai la kuchemsha lililomenywa. Nyuma yake kuna kitu laini kama kamba iliyojikunja, hicho ni cha kawaida, usikiogope. Lakini ukigusa kitu kigumu juu ya lile yai, hata kama ni kidogo kama punje ya pojo, huyo dume hanunuliwi. Gedi alinirudishia dume wa nne mara tatu mpaka nilipoipata ile punje. Mkono wangu ukawa mzuri. Nasema bila haya, ulikuwa mzuri.

Si kwamba sikukosea. Mwaka wa kwanza Takaba nilimhasi fahali wa mtu kwa lile koleo letu la kubana mishipa. Unabana upande mmoja, kisha wa pili. Mimi, kwa kuogopa teke, nilibana upande uleule mara mbili. Baada ya miezi kadhaa mwenyewe alikuja ofisini na fahali, akamfunga mlangoni pangu mbele ya watu wote. "Daktari," akasema, "amekuja kukushukuru. Ng'ombe wote wa jirani wana mimba." Nilicheka na wengine. Kosa la aina hiyo mtu hulicheka. Ninalotaka kuwaambia sijawahi kulicheka.

Mutua alikuja tukiwa Garissa. Mtu wa Kitui, mtu wa nyuki na wimbi, mdogo kwangu kwa miaka mingi. Niliambiwa nimfundishe. Nikamfundisha, tena vizuri, na hilo ndilo lililoniua. Mwaka wa pili alikuwa anazungumza Kisomali cha kuwafanya akina mama wa maziwa washike mbavu kwa kucheka. Mwaka wa tatu wafugaji walikuwa wanapita mlango wangu kwenda kumgonga yeye. Mlango wangu! Mimi niliyezaliwa katikati ya ngamia, baba yangu mfugaji, babu yangu mfugaji, nimekaa kwenye kiti natazama migongo ya watu wakienda kwa mtu wa nyuki.

Nilimchunguza nijue ana dawa gani. Hakuwa na dawa. Alikuwa anauliza. Mimi nikifika zizini nilikuwa nasema: huyu ana hiki, mpeni hiki. Yeye akifika anachuchumaa, anaanza: alianza kukataa majani lini? Anakojoaje? Jana alikuwaje? Mpaka mwenye mnyama anajitajia ugonjwa mwenyewe. Niliita hiyo ujinga wa mgeni. Usiku, wallahi, nilikuwa nafanya mazoezi ya kuuliza hivyo hivyo kitandani, na asubuhi nashindwa.

Sasa Liban. Liban ni mtoto wa dada yangu Fatuma, kwa hiyo mimi ni abti yake, mjomba. Baba yake alifariki angali mdogo, nami nikajiona ndiye mlinzi wake. Katika mwaka wangu wa mwisho kazini alikuwa na miaka ishirini na minne, ana kibanda cha kutengeneza simu, mzima kama fahali. Siku moja baada ya sala ya alasiri alinifuata uani. Alizungukazunguka mada, akaulizia ngamia wangu wawili, akaulizia mvua. Mwisho akasema akitazama viatu vyake, "Abti, huku chini upande mmoja umekuwa mzito."

Mimi pia nikatazama viatu vyake. Mtu aliyeshika maelfu ya madume akageuka jiwe mbele ya mtoto wa dada yake. Sikuuliza lini. Sikuuliza umekuwa mzito vipi. Niliuliza swali moja tu, "Unakunywa maziwa mabichi?"

"Nakunywa, abti. Nani hanywi?"

"Basi ni brusela."

Na mjue, sikuwa natunga. Ugonjwa huo uko katika maziwa yetu mabichi, unaingia kwa watu, na korodani huweza kuvimba kwa ajili yake. Lakini dume mwenye ugonjwa huo nimemshika mara nyingi: anavimba, anapata joto, ukimgusa anakurushia teke. Liban hakuwa na homa. Hakuwa na maumivu hata kidogo. Hayo yote yalikuwa mbele yangu nikayapita. Nikafungua mkoba wangu wa kazi nikamdunga dawa ya mifugo. Ndiyo, ya mifugo, nikakadiria kipimo kwa kumtazama uzito kama ndama. Wiki iliyofuata nikamdunga tena. Msifanye hivyo. Msikubali kufanyiwa hivyo na mjomba yeyote, hata akiitwa daktari na mji mzima.

Aliponiambia hakuna mabadiliko, nilimwambia avumilie.

Jumatano, siku ya soko, nilikuwa nahesabu vyeti vya chanjo nikainua macho. Ng'ambo ya zizi Mutua amembana kondoo dume kati ya magoti, na Liban amechuchumaa nyuma, mkono chini ya mnyama, wameweka vichwa pamoja wanacheka. Nikajisemea, hata huyu? Wafugaji wote amewachukua, sasa na mtoto wa dada yangu anafundishwa kazi ya ukoo wangu na mtu wa Kitui? Siku ile niliwafokea watu watatu ambao hawakunikosea chochote.

Liban ndiye aliyenieleza baadaye kilichokuwa kikiendelea. Alikuwa amekwenda kumtengenezea Mutua simu, na Mutua, kwa ile tabia yake, akamuuliza mbona anatembea kama mtu aliyekalia mwiba. Kijana akamwaga yote. Mimi abti yake alinipa nusu sentensi, mgeni akampa habari nzima, kwa sababu mbele ya mgeni haya ilikuwa nyepesi. Mutua hakutaka hata kumtazama.

"Hiyo yako mimi sitaki kuona," alimwambia. "Wewe ndio utaona, kwa mkono. Shika ya huyu kwanza ujue nzuri iko namna gani. Umesikia hiyo laini? Umesikia hiyo kamba ya nyuma? Hiyo ni kawaida, hata wewe uko nayo. Na moja ikining'inia chini kuliko ingine, hiyo pia si ugonjwa. Sasa enda uoge na maji moto, ngozi ilegee. Shika moja, izungushe kati ya gumba na vidole, bila kufinya. Halafu ingine. Ukipata kitu ngumu, ama moja imekuwa kubwa ama nzito kuliko zamani, kuja uniambie. Mimi ni mtu wa Kitui, hapa nitamwambia nani?"

Maji ya moto Garissa si kazi. Tangi liko juu ya paa, adhuhuri ukifungua bomba unaruka. Liban alioga mchana uleule, akarudi kwa Mutua kabla ya magharibi.

"Ya kushoto ni kama ya kondoo wako," akamwambia. "Ya kulia iko na kokoto. Haiumi, buda, ndiyo maana nilikuwa naichukulia poa."

Kesho yake asubuhi Mutua aliingia ofisini kwangu, akafunga mlango, akabaki amesimama.

"Mzee, huyu Liban apelekwe hospitali. Si wiki ijayo. Leo."

"Umeyajuaje mambo ya Liban?"

"Ameniambia. Ya kulia iko na kokoto."

"Amekuambia wewe?" Hilo ndilo nililolishika. Hebu nioneni. Mtu ananiambia mtoto wangu ana kokoto, nami nashika ameambiwa nani kwanza. "Mimi nimemtibu. Ni brusela."

"Brusela bila homa, mzee? Bila uchungu? Wewe ndiye ulinifundisha. Ulisema kitu ngumu isiyouma kwa dume ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mnyama hatakuambia."

"Usinifundishe kazi yangu!"

"Sikufundishi. Nakukumbusha ile yenye ulinifundisha."

Nilimfukuza. Mtu wa maana angeishia hapo, lakini mimi nilikwenda kwa Fatuma. Nilimwambia kuna mtu wa ofisini anaeneza maneno ya aibu juu ya mwanawe, na yakizagaa Iftin hakuna atakayempa binti. Nilijua mahali pa kumgusa mama. Fatuma alimkataza Liban kumsogelea Mutua, akaanza kutafuta mzee wa kumchoma kwa chuma cha moto, kama tulivyochomwa sisi utotoni kwa kila kitu kuanzia bandama hadi kifafa. Liban akaogopa chuma, akanyamaza, akasema amepona. Nami nikajipongeza. Nilitembea sokoni wiki kadhaa nimeinua kidevu, mshindi.

Wiki kadhaa, wanangu. Kile kitu hakikuwa kimepumzika wiki hizo.

Kisha Mutua akaomba ruhusa ya siku moja, akasema mke wake mgonjwa. Mke wake alikuwa Kitui anapalilia. Nikatia sahihi mimi mwenyewe. Jioni Fatuma alinipigia simu akilia hata sikumwelewa. Liban amepigwa picha ya tumbo na korodani, damu imechukuliwa, na daktari amesema inaonekana ni saratani, apelekwe Nairobi haraka ikatolewe.

Niwaambie kitu cha kwanza nilichohisi, Mungu anisamehe. Nilihisi wivu. Kwamba wamekwenda bila mimi. Kwamba aliyempeleka na kukaa naye kwenye benchi akisubiri majibu ni Mutua. Hofu ilikuja ya pili, na ilipokuja ilinikalisha chini ukutani, na mke wangu akadhani nimepata kiharusi.

Nairobi nilikwenda mimi na Fatuma. Walimpasua kwenye kinena, si kwenye mfuko, wakaitoa ile ya kulia. Daktari alikuwa kijana, pengine hakumzidi Liban kwa miaka kumi, alizungumza naye wazi wazi mbele yetu bila kutazama viatu vya mtu. Alisema hii ni saratani inayopenda vijana kuliko wazee. Alisema kwa kawaida inatibika, tena vizuri, hasa ikiwahiwa. Alisema moja iliyobaki inatosha kwa ndevu, kwa ndoa, na kwa kawaida hata kwa watoto. Fatuma alifunika uso kwa shungi lake lakini sikio lilikuwa wazi. Kisha akasema imeshaanza kupanda kwenye tezi za tumbo, kwa hiyo Liban atahitaji dawa kali za mishipani, miezi kadhaa.

"Ungekuja mapema," akamwambia, "pengine ungemaliza na upasuaji. Nini kilikuchelewesha?"

Nilimtazama Liban. Nilijua anakijua kilichomchelewesha, nacho kimekaa hapo pembeni ya kitanda na fimbo yake mkononi. Nilingoja anitaje. Nilitaka anitaje.

"Nilichelewa mwenyewe," akasema. "Niliona haya."

Tangu siku ile hakuna aliyewahi kunihukumu kwa sauti. Mnadhani ni nafuu? Nilimwona akitapika mpaka nyongo. Nilimwona nywele zikibaki kwenye mto. Akipata nguvu ya kushika simu alimpigia Mutua, wakacheka, na mimi nikitoka nje nipishe kicheko kisicho changu. Nilikuwa na umri wa kustaafu na nilikuwa namwonea wivu mtu kwa sababu ameokoa mtoto niliyekuwa nikimpoteza.

Basi nisikilizeni. Ninyi wa miaka kumi na tano mpaka arobaini hivi, mara moja kila mwezi jikagueni. Si lazima mtangaze. Kila Ijumaa mnaoga kwa ajili ya sala, chagueni Ijumaa moja ya mwezi iwe ya kazi hii pia, mchana, maji ya tangi yakiwa moto. Dakika mbili. Mkono uzijue zilivyo zikiwa nzima, ili siku kitu kikibadilika mkono ushtuke. Kitu kigumu, uvimbe, uzito usiokuwepo, maumivu ya kuvuta pale au chini ya tumbo, hayo yote ni safari ya hospitali. Si kila uvimbe ni saratani, wengine mtakuta ni maji tu au mshipa, mtarudi nyumbani mkicheka. Lakini anayejua ni daktari mwenye mashine ya picha. Aliyezaliwa korodani moja haijashuka awe makini zaidi, na amwambie daktari. Na msingoje maumivu. Ya Liban haikuuma hata siku moja.

Ukiona haya kumwambia baba au abti, mwambie mtu wa mbali. Nimejifunza hilo kwa njia mbaya. Na wewe uliye abti wa mtu, mwanao akiegemea mtu mwingine kwa jambo kama hili, umia kimya kimya na uache aegemee.

Ninaposema umia kimya kimya, nasema jambo nisiloliweza mimi mwenyewe. Liban sasa ana mke na binti wa miaka miwili anayenivuta ndevu. Kila baada ya miezi kadhaa huenda kupimwa, na akitoka pale simu ya kwanza huenda Kitui, ambako Mutua ameacha kazi akarudi kwa mizinga yake. Ya pili ni ya mama yake. Mimi ni wa tatu, na siku mkewe akiwa mbali mimi ni wa nne. Nimehesabu.

Wiki iliyopita alinipigia. "Abti, majibu yametoka. Niko safi. Daktari amesema sasa nitakuwa nakuja mara moja tu kwa mwaka."

"Umempigia Mutua?"

"Nimempigia, abti. Asubuhi."

Nilikaa na simu mkononi. Kisha nikafanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya miaka yote hii, nikatafuta namba ya Mutua nikampigia. Sikuwa nimejipanga. Nilitaka kumwomba msamaha, lakini aliposema "Mzee!" kwa ile furaha yake, neno likakwama, nikajikuta nasema, "Mutua, nina habari. Liban amepata majibu."

Nilisikia nyuki nyuma yake, au labda ni upepo.

"Kwani yametoka?" akasema. "Hebu niambie, mzee. Wamesema nini?"

Nikamwambia. Nikamwambia yuko safi, nikamwambia la mara moja kwa mwaka, nikamweleza mpaka rangi ya shati alilovaa Liban siku tulipomtoa hospitali. Alishangaa kila mahali pa kushangaa. Aliniuliza maswali, pole pole, kama anavyouliza yeye. Mwisho akasema, "Asante sana kunipigia, mzee. Sikuwa nimesikia."